Jua la Mzee Nikeli

Kipimajoto kilipomwonyesha jambo lisilowezekana, Mzee Nikeli aliketi chini palepale, juu ya sakafu iliyolowa, akiwa amevaa suruali yake nzuri ya kwendea mjini. Suruali hata hakuikumbuka. Alikodoa macho, akakifuta kipimajoto kwa kidole gumba, akasoma tena. Mtungi wa kioo wenye waya wa nikeli ulikuwa na joto kuliko mwenzake, tena si kwa kidogo. Mitungi yote miwili ilikuwa inakula umeme kwa kiasi kilekile. Sasa lile joto la ziada lilikuwa linatoka wapi?

"Mama Mwalimu!" aliita kwa sauti iliyopasuka. "Mama Mwalimu, acha chakula, njoo uone!"

Mkewe akaja huku anatafuna, akifuta mikono kwenye aproni. Akaitazama mitungi, akamtazama mumewe, kisha akaitazama suruali.

"Hiyo nani ataifua?" akauliza.

Hivyo ndivyo jua lilivyozaliwa katika karakana ile, na mtu wa kwanza kupewa habari zake alikuwa anawaza sabuni.

Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua watu wa benki tu. Mtaa mzima unamwita Mzee Nikeli, kwa kuwa kazi yake ni kuchovya vyuma: mabomba ya bafuni, makomeo ya milango, vikombe vya washindi wa mpira, springi za mashine. Unampelekea kitu kimechakaa na kutu, anakisugua, anakitumbukiza kwenye hodhi yenye maji ya kijani, anafungulia umeme, na nikeli inahama taratibu kutoka kwenye bamba mpaka kwenye kitu chako. Kinatoka kinang'aa hadi unajiona pua. Karakana ni chumba kimoja kirefu mbele ya nyumba yao. Kuna hodhi zilizopangwa ukutani, kuna meza ya kusugulia ambayo ni himaya ya mkewe, na karibu na mlango kuna jiko ambalo juu yake huchemka kutwa birika kubwa la alumini. Mkewe huitwa Mama Mwalimu kwa sababu binti yao pekee anafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Mume naye anaringa kwa hilo kuliko anavyoringia nikeli.

Habari za muungano baridi alizipata redioni, akiwa anasugua bomba. Mtangazaji alisimulia kwamba miaka mingi nyuma wanasayansi wawili waliwahi kuitisha waandishi na kutangaza kuwa wamewasha moto wa jua ndani ya chupa, juu ya meza, kwa maji, umeme na kipande cha madini. Dunia ikapagawa. Wenzao kila mahali wakakimbilia maabara kujaribu, wengi wakatoka mikono mitupu, na jambo likafifia kwa aibu. Lakini wapo wachache, mtangazaji akasema, ambao hadi leo hawajakata tamaa, na baadhi yao wanatumia nikeli.

Wanatumia nikeli! Mzee wetu akaliweka bomba chini.

Mtu mwingine angecheka akaendelea na kazi. Yeye alikuwa na sababu ya kutocheka. Kila mchovyaji vyuma anajua kwamba umeme unapopita majini huvunja maji yenyewe, na hidrojeni hutoka kwa vipovu vidogo. Anajua pia kwamba chuma huinywa hiyo hidrojeni. Alishawahi kumkabidhi mteja springi nzuri, inang'aa, na kesho yake ikakatika yenyewe mezani bila kuguswa, kwa sababu ya gesi iliyojificha ndani. Basi redio iliposema kwamba siri yote ni kuyanywesha madini hidrojeni mpaka yashibe, na kwamba humo ndani viini vya hidrojeni hubanana hata vikaungana na kutoa joto, yeye alijiona kama aliyeitwa kwa jina.

Akatafuta mitungi miwili ya kioo. Akamsumbua mtunza stoo mmoja mstaafu wa maabara mpaka akapata kichupa cha maji mazito, ambayo ni maji kama haya yetu, ila hidrojeni yake ina kiini kizito zaidi. Kwenye mtungi wa kwanza akaweka maji hayo na waya wa nikeli uliosokotwa. Huo aliuacha wazi ili gesi itoke. Kwenye wa pili akaweka maji ya kawaida na waya wa kupashia tu, akaufunga kifuniko, maana wenyewe hautoi mapovu. Akaivisha yote miwili vipande vya blanketi. Kama joto ni la umeme tu, mitungi ingekuwa sawa. Nawaambia kweli, kwa mtu ambaye hakupita hata mlango wa chuo, hilo lilikuwa jaribio lililofikiriwa vizuri. Akatoa na amri: "Mtu asiguse mtungi wangu!"

Na mtungi wa nikeli ukashinda. Kila siku baada ya chakula cha mchana alipopima, ulikuwa juu ya mwenzake. Siku za mapumziko ulikuwa baridi, akasema nao unapumzika kama kiumbe yeyote. Jambo lililomzidi akili zaidi ni kwamba maji yake hayakupungua. Vipovu vilitoka usiku na mchana, lakini maji yalikuwa palepale kwenye mstari. Mzee Nikeli alikuwa anatingisha kichwa peke yake karakanani, mdomo wazi. Fundi wa kuchomelea wa duka la jirani alimwambia, "Mzee, hilo jua lako litatuunguza kabla hujalipatia hatimiliki," na mzee akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayejua jambo zito ambalo wenzake hawajaambiwa.

Binti yake alipoelezwa kwa simu alicheka. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mzee alinuna, na akinuna huyo hununa kweli. Simu zake akawa anampa mama azipokee.

Sasa, katika miezi hiyohiyo ya kuvimba kichwa, Mama Mwalimu alianza kunyauka. Kwanza uchovu. Kisha akawa anakwepa chakula, anasema tumbo linamchoma. Macho yakaingia ndani, viganja vikapauka. Siku nyingine hakuinuka kitandani kabisa, na mume akasugua mabomba mwenyewe, vibaya. Akiulizwa, mama alijibu, "Ni uzee tu, Baba Mwalimu. Nikipumzika kidogo nitakuwa sawa." Mume aliridhika na jibu hilo. Alikuwa na jua la kuangalia.

Binti hakuridhika. Aliposikia sauti ya mama kwenye simu imekuwa nyepesi, alipanda gari mwishoni mwa wiki akaja. Alimkuta mama amelala mchana, jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani mwake. Akatoka chumbani akiwa na sura nyingine, akamfuata baba karakanani.

"Shikamoo, baba. Mama ana nini?"

"Marahaba. Amechoka tu. Njoo kwanza uone hili ulilolicheka."

Binti alishusha pumzi, akasogea. Ili yaishe wapate kuzungumza habari za mama, akaamua kumweleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Kwenye meza kulikuwa na sumaku mbili za kuokotea vipande vya chuma. Akampa baba.

"Zibane, ncha zinazofanana."

Mzee akazibana, zikasukumana, zikamteleza vidoleni.

"Viini vya hidrojeni ndivyo vilivyo," binti akasema. "Vyote vina chaji ya aina moja, vinakataana. Ili viungane lazima uvigonganishe kwa nguvu ya kutisha. Ndani ya jua kuna joto la mamilioni ya digrii na mgandamizo usiosemeka. Mtungi wako hauna hata joto la chai."

"Ila nikeli inavibana humo ndani. Redio imesema."

"Hivyo ndivyo walivyodhani. Lakini baba, tuseme vimeungana kweli. Viini vya maji mazito vikiungana havitoi joto peke yake, vinatoa na nyutroni. Ni chembe ndogo, hazionekani, hazina harufu, zinapita kwenye kioo na kwenye blanketi lako, zinaingia mwilini na kuharibu damu. Kwa joto hili unaloniambia, zingekuwa nyingi mno. Mtu anayefanya kazi karibu na mtungi huu asingemaliza wiki salama. Angechoka, angetapika, angekataa chakula, angepauka. Halafu angekufa. Umeelewa?"

Alikuwa anamaanisha: tupo hai, kwa hiyo hakuna jua. Ni hoja safi, na darasani huwaingia wanafunzi mara moja.

Lakini baba yake hakuisikia hivyo. Sumaku zilimdondoka. Uso wake ukawa wa majivu, na binti akafikiri amepatwa na kiharusi.

"Angechoka," mzee akanong'ona. "Angekataa chakula."

"Baba?"

"Meza yake ile pale." Alinyoosha kidole. Meza ya kusugulia ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mtungi; mkewe alikaa hapo kutwa. "Siku akija hapa, mtungi una moto. Siku akilala, mtungi unapoa. Mimi nimeliona hilo! Nimeliona kwa macho yangu, nikasema ni bahati tu. Mwanangu, nimemuua mama yako."

Akaurukia waya wa umeme, akaung'oa ukutani kwa nguvu hata soketi ikabaki inaning'inia. Binti alimshika mkono, akamwambia baba ngoja, sivyo nilivyosema, sikiliza kwanza. Angelisema hilo kwa ukuta ingekuwa vilevile. Mzee alikuwa ameshaingia chumbani, anamvisha mkewe viatu, kulia kushoto na kushoto kulia.

Walikwenda hospitali kwa teksi. Mtu ambaye kwa miezi alikuwa anaomba mtungi wake uwe wa kweli, sasa aliomba kwa moyo wote uwe wa uongo. Aliomba awe mjinga. Aliomba fundi wa kuchomelea amcheke mpaka avunjike mbavu, na dunia nzima imcheke, mradi yule mama aliyeegemea dirisha awe na ugonjwa wowote mwingine.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, mchovu. Aliuliza mgonjwa anasumbuliwa na nini.

"Mionzi," Mzee Nikeli akajibu kabla mtu hajafungua mdomo. "Nyutroni. Ni mimi niliyemfanyia, daktari. Kwa maji mazito."

Daktari akavua miwani. Akamtazama binti. Binti akafumba macho.

Walichukua damu, wakamuuliza mama maswali, wakamwingiza chumba cha ndani wakamwangalia tumbo, kisha wote watatu wakaambiwa wasubiri majibu kwenye benchi la korido. Hapo, kati ya binti na mume, Mama Mwalimu ndipo alipouliza kwa sauti yake nyepesi:

"Hivi hii nyutroni mnayoitaja ni mdudu gani?"

Mzee akamweleza yote. Alieleza huku amemshika mkono, machozi yakimchuruzika hadharani, naye si mtu wa kulia. Alieleza viini, na sumaku, na namna mtungi ulivyokuwa unatoa moto usio na chanzo. "Nilijua ni jua la kweli," akasema, "kwa sababu hata maji hayakupungua. Yangekuwa maji ya kawaida yangeisha. Yalibaki palepale, mama, siku zote!"

Mama Mwalimu akakunja uso.

"Yale ya kwenye mtungi usio na kifuniko? Yanapungua sana yale. Mimi ndiye ninayeyaongeza."

Korido nzima ilikuwa na kelele za wagonjwa, lakini Mzee Nikeli hakuzisikia tena.

"Unayaongeza?"

"Si ninapita na birika kabla sijaja kula? Naongeza hodhi zote, nikifika pale naongeza na ule. Kikombe hivi. Maji yalikuwa yanashuka chini ya mstari."

"Birika lenye maji ya moto?"

"Sasa ya nini? Baridi?" Sauti yake ilipanda kidogo. "Umesahau? Mwezi ule wa kwanza ulionioa, nilimimina maji baridi kwenye hodhi ya nikeli, mzigo mzima wa mabomba ukaharibika. Ukanifokea mbele ya wateja. Ukasema humu ndani maji ni ya moto tu, ya moto tu, ya moto tu! Tangu siku hiyo sijatia maji baridi kwenye kitu chochote cha karakana ile."

"Lakini nilisema mtu asiguse mtungi wangu!"

"Sikuugusa," akajibu Mama Mwalimu kwa hadhi yake yote. "Nilimimina tu."

Binti ndiye aliyeanza. Alijiziba mdomo, mabega yakatikisika, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hata muuguzi akageuka. Mambo yote yalikaa sawa kichwani mwake. Baba hula kwanza. Mama hupita na birika. Mama anakwenda kula. Baba anarudi na kipimajoto chake. Siku za mapumziko hakuna birika, hakuna jua. Siku mama akiugua, jua linazama. Na maji mazito yaliyotafutwa kwa taabu yote ile yalishageuka maji ya birika siku nyingi.

"Hakuna nyutroni, baba!" akasema huku anajifuta macho. "Hakuna hata moja! Joto lazima litoke mahali. Halizuki tu."

Mzee Nikeli naye alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa, ya mtu aliyetolewa kamba shingoni. Jua lake lilikuwa limekufa, na hajawahi kufurahia msiba kama ule. "Mjinga mimi!" alikuwa anarudia, akijipiga paja. "Mjinga kabisa! Asante, Mungu, mimi ni mjinga!"

Wakaitwa.

Daktari alikuwa na karatasi mkononi. Alisema mgonjwa hana dalili ya mionzi, hilo waliondoe kichwani. Ana upungufu mkubwa wa damu. Ndani ya tumbo ana kidonda, na kinavuja taratibu, pengine kwa miezi. Kinatibika, wamekuja kwa wakati; wangechelewa zaidi ingekuwa habari nyingine. Kisha akamgeukia mama.

"Unatumia dawa za maumivu?"

Mama Mwalimu aliangalia sakafu. "Hizi za kawaida tu. Za dukani."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Asubuhi, kabla sijala, ili niweze kufanya kazi."

"Hizo ndizo zilizokuchimba tumbo. Unazinywea nini?"

"Bega," akasema. "Hili la kulia. Limeharibika zamani. Usiku silali nalo."

"Unabeba vitu vizito?"

Mama alimtazama mumewe haraka, kisha akajibu kwa daktari, kwa sauti ya chini, kama anayemsengenya mtu aliyepo.

"Birika."

Kicheko kilimkauka Mzee Nikeli usoni. Alitaka kusema kwamba hakujua, na ilikuwa kweli hakujua, lakini aliona haya kulisema.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza hatimaye.

"Ulikuwa na jua lako," mama akasema, bila hasira yoyote.

Walimlaza. Kesho yake asubuhi mzee alirudi nyumbani kumchukulia nguo na kufungua karakana, kwa kuwa kulikuwa na makomeo ya mteja. Mtungi ulikuwa palepale, umepoa, waya wake umelala sakafuni. Aliupita. Aliwasha jiko, akalijaza birika, akasubiri lichemke, kisha akajifunga aproni ya mkewe na kwenda kuongeza hodhi.

Akashika mpini kwa mkono wa kulia, akanyanyua. Birika halikutoka jikoni. Alifikiri limeganda mahali, akainama akalichungulia chini; halikuwa limeganda. Akatumia mikono miwili. Likainuka, likamvuta mbele, maji ya moto yakaruka yakamchoma kifundo, naye akalirudisha kwa kishindo akabaki amelikodolea macho, anahema. Katika maisha yake yote ya karakana, hakuwahi kulibeba likiwa limejaa.